Wifi Bupe na Pikapu la Marehemu Daniel

Katika ukoo wa marehemu mume wangu wapo watu wanaosamehe, na yupo Bupe. Wanaosamehe wanasifiwa kanisani kila Jumapili na hawanihitaji mimi. Namwandika Bupe kwa sababu bila yeye jina la mume wangu lingekuwa mpaka leo kichekesho kwenye simu za watu.

Bupe ni wifi yangu, kitindamimba wa nyumba yao kule Rungwe. Mume wangu Daniel alikuwa wa kwanza, akafuata Isack, halafu yeye. Alikuja Dar es Salaam kusomea ukarani, akawa karani wa bohari moja Temeke mpaka bohari hilo lilipofungwa, kisha akafungua duka la mchele Kinyerezi, si mbali na mitambo ya umeme wa gesi. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, asiyevaa hereni. Watu wengi wakikasirika hupandisha sauti. Bupe huishusha. Ukimsikia anaongea polepole kama mtu anayemsomea mtoto kitabu, ujue kuna mtu ameshajiweka pabaya.

Kukumbuka ubaya hakumsumbui. Anaukumbuka kama wengine wanavyokumbuka nyimbo. Jirani yake wa dukani alikuwa na tabia ya kumwaga maji machafu mbele ya mlango wake. Bupe alimwambia mara moja, akajibiwa kwa kejeli. Baadaye jirani huyo akawa na sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, akaja kuazima masufuria makubwa. Bupe akampa yote, akamsaidia hata kuyapakia kwenye mkokoteni. Mifuniko hakumpa. Siku ya sherehe upepo ulivuma, na wageni wakala pilau lenye mchanga.

"Aliomba masufuria, wifi," aliniambia. "Angesema mifuniko, ningempa."

Huyo ndiye aliyerithi gari la mume wangu.

Daniel alikuwa mchimba visima. Sehemu kubwa ya maisha yetu ya ndoa aliipitisha kwenye njia za tope za Kilombero na Malinyi, na pikapu lake alilitengeneza kwa ajili ya njia hizo. Lilikuwa dabo kebini, lenye viti vya mbele na vya nyuma, kisha bodi la mizigo. Alilinyanyua juu. Kwenye springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyolaliana, aliongeza vyuma vingine ili libebe mabomba na jenereta bila kuinama. Alilivalisha tairi za kashata, zenye meno makubwa ya kushika tope, na mbele akafunga bampa la chuma lililoweza kusukuma gogo. Viko vijiji vinavyokunywa maji safi mpaka leo kwa sababu gari hilo lilifika mahali ambapo mengine yaligeuza.

Alipofariki nilitaka gari libaki ndani ya ukoo, lisiuzwe kwa mtu baki akalipaka rangi nyingine. Mimi siendeshi, na wanangu wako mbali kikazi. Nikampa Bupe funguo mbele ya wote. Isack alikuwepo. Yeye ni wakala wa forodha, ana nyumba nzuri Segerea na gari dogo linalong'aa, na nadhani alitarajia kuombwa alichukue ili apate nafasi ya kulikataa.

Sasa, gari lililojengwa kwa ajili ya mzigo na tope, ukilitoa tupu kwenye lami, linakuwa adhabu. Hatukulijua hilo. Bupe alilitumia kubebea mchele, na likiwa na magunia lilitulia vizuri kabisa. Ndipo ikaja harusi Morogoro, na tukataka kumpeleka Mama, mkwe wangu, anayeishi na Bupe. Tulimfanyia kila heshima. Tulishusha magunia yote, tukaliosha gari ndani na nje, tukajaza upepo mpaka tairi zikakaza kama ngoma. Mzazi hapandishwi gari lenye magunia, tulisema, wala lenye tairi legelege. Kwa heshima zetu hizo tulilifanya gari kuwa baya kuliko lilivyowahi kuwa.

Tulipofika Chalinze Mama hakuweza kunyooka. Tulimteremsha kwenye kituo cha mafuta, tukatandika kitenge kivulini, akalala huku ameshika kiuno. Isack alikuwa anakuja nyuma na gari lake. Akasimama, akashuka, akatoa simu. Kabla sijafungua chupa ya maji nimpe Mama, picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: Mama chini, pikapu nyuma yake, na maneno haya, "Urithi aliotuachia Daniel."

Walicheka. Walicheka Mbeya, wakacheka Tunduma, wakacheka Mwanza. Mpwa mmoja akaandika, "Kinu cha kutwangia wazee." Nimefundisha sekondari miaka mingi, na baadhi ya waliocheka niliwafundisha mimi. Mume wangu alikuwa kaburini, hawezi kujibu, na mama yake aliyemzaa ndiye aliyefanywa kuwa ushahidi dhidi yake.

Isack akamhamishia Mama kwenye gari lake. Alipokuwa anaondoka alishusha kioo. "Shemeji, tufuateni na hicho kinu chenu taratibu, msije mkatwangika!"

"Asante, kaka," Bupe akamjibu, kwa ile sauti ya chini.

Tulipobaki wawili akaniambia, "Umeona alivyofanya, wifi? Alipiga picha kwanza, ndipo akamuuliza Mama anaumwa wapi."

Baada ya hapo ilikuja ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Daniel, nyumbani Rungwe. Kikao cha maandalizi kilifanyika kwa Isack, Segerea, sebuleni kwake penye makochi ya rangi ya maziwa. Isack alikuwa ameshapanga kila kitu.

"Safari ya Rungwe ni ndefu," alisema. "Mama abaki hapa kwangu. Sie tutamwakilisha."

"Wewe una gari, shemeji," nikamwambia. "Mpeleke."

"Gari langu liko chini sana, shemeji. Ile njia ya kuingia nyumbani ni mawe matupu. Mie mwenyewe naenda kwa ndege."

"Basi nenda naye kwa ndege."

"Mama na ndege tena! Si unamjua?"

Ni kweli. Mama alikuwa ameapa kwamba hatapanda ndege mpaka malaika waje kumchukua wenyewe. Alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, na sote tulidhani hasikilizi.

"Nitakwenda kwenye kaburi la mwanangu kwa gari la mwanangu," alisema. "La sivyo siendi. Na atakayenizuia atawaeleza watu wa kule kwa nini mama wa marehemu hakuonekana."

Isack akacheka. "Mama, lile si gari. Daniel hakuacha gari. Aliacha kinu, na Bupe hapa ndiye mchi."

Sebule nzima ikacheka. Mimi nilikuwa naangalia nani anacheka. Bupe aliinuka, akakusanya vikombe, akavipeleka jikoni, akarudi kukaa.

"Mama atakwenda," alisema, kwa upole ambao ungemdanganya mgeni.

Tulipofika getini nilimshika mkono. "Akifika kule amekunjika kama siku ile, jina la Daniel ndiyo basi. Watakuwa wamemzika mara ya pili, na mimi nikiwa nimesimama pale pale."

"Atafika amelala usingizi," Bupe akasema. "Halafu ndiyo tuanze na Isack."

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Fundi mmoja wa jirani alimwambia kwamba gari linarusha kwa sababu shokapu zake, zile nguzo zinazozuia gari lisidunde, ni dhaifu. Akamfungia ngumu kuliko za kwanza. Bupe alizunguka nalo Kinyerezi, akarudi ameuma ulimi. Hakumlaumu fundi. Alimtajia jina lake lote, polepole, nikajua huyo naye siku yake itakuja.

Ndipo akaenda kwa Sibtain, muuza vipuri wa Temeke mwenye gereji nyuma ya duka. Nilifuatana naye. Sibtain si mtu mnyenyekevu. Ana shahada ya uhandisi ameitundika ukutani juu ya mashine ya kujazia upepo, na anapenda kila anayeingia aisome. Alilizunguka pikapu, akalikandamiza nyuma kwa mikono miwili. Halikusogea.

"Dada Bupe, nani kakufungia hizi?"

"Fundi."

"Fundi au adui? Haya, unabeba nini?"

"Mama yangu."

"Ana uzito gani?"

"Uzito wa mama yangu unakuhusu nini, Sibtain?"

"Usinikasirikie, dada, hii ni hesabu. Gari hili linasubiri mzigo wa tani. Kila asubuhi limekaza misuli, mzigo hauji. Anakuja bibi mmoja na mkoba wake, anakaa nyuma. Unafikiri litamfanya nini? Litamrusha tu." Kisha akapiga tairi teke. "Na huu upepo? Nyie Wabongo mkisikia safari mnajaza mpaka tairi linataka kulia."

"Na wewe si Mbongo?"

"Ndiyo maana nawajua."

Alivitoa vile vyuma vya springi ambavyo Daniel aliongeza. Akatoa bushi, yaani mipira iliyo kwenye maungio, ambayo ilikuwa imekauka ikawa migumu kama kokwa, akaweka mipya. Tairi za kashata zikatoka, zikaingia za lami. Alipofikia bampa la chuma alinitazama mimi, maana Bupe alikuwa amemwambia mimi ni nani. Bampa lile Daniel alilichomelea mwenyewe. Nilimwambia alitoe, nikaenda nalo nyumbani, na liko kwangu.

Shokapu alizochagua zilikuwa na kirungu kidogo chini. Ukikizungusha upande mmoja zinalainika, ukizungusha upande mwingine zinakaza. Akamwambia Bupe apunguze upepo asipokuwa na mzigo, na aweke magunia mawili ya mchele kwenye bodi, yakiegemea kebini, ili gari lisiwe jepesi nyuma. Bupe aliuliza kila kitu. Mwisho akauliza, "Na mtu akitaka liwe gumu zaidi kuliko nilivyolileta?"

"Nani atake hivyo?"

"Nauliza tu."

"Bodi tupu. Upepo wa mzigo. Shokapu za nyuma zungusha mpaka mwisho." Sibtain akacheka. "Wa mbele hatajua kitu. Wa nyuma atakuja kunishtaki mie."

Bupe akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyeelewa somo.

Majaribio tulifanya barabara ya Kinyerezi kuelekea Segerea. Bupe alinikalisha kiti cha nyuma na chupa ya chai, akaniambia nimimine kikombe kila tukikaribia tuta. Chai ikamwagika. Akasimama, akatandika khanga chini ya gari, akalala, akazungusha vile virungu, akarudi. "Mimina tena, wifi." Ikamwagika. Akapunguza upepo kidogo. Ikamwagika. Wapita njia walitutazama, na bodaboda mmoja alituuliza kama tunauza hiyo chai. Gauni langu liliharibika. Siku chai ilipovuka tuta ikabaki ndani ya kikombe, Bupe alisimamisha gari pembeni, akanyoosha mkono, akakichukua kikombe na kunywa chote bila kuniuliza.

Tukaenda Rungwe. Mama alilala tangu tulipotoka Morogoro. Alipita mbuga ya Mikumi amefumba macho, na tulipofika Ruaha Mbuyuni akaamka akatugombeza. "Mbona hamkuniamsha niwaone tembo? Mmenileta huku kama mzigo!" Bupe akamwomba radhi, na sijawahi kuona mtu akigombezwa akafurahi namna ile. Tulilala Iringa, kesho yake tukaendelea. Makambako Mama akataka mahindi ya kuchemsha, akayatafuna huku gari linakwenda na hakujiuma.

Nyumbani kulikuwa na ukungu na watu wengi. Walikuwa wanaijua ile picha, wote. Nililiona hilo kwa jinsi walivyosogea kuangalia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Mama akateremka mwenyewe. Aliukataa mkono wa Bupe, akaukataa na wangu, akawapita waliokuja kumpokea, akatembea wima mpaka kwenye kaburi la mwanawe kabla hajamsalimia mtu yeyote. Nilibaki nimesimama kando ya pikapu. Mmoja wa wale niliowafundisha, ambaye nililikumbuka jina lake kwenye orodha ya waliocheka, alinijia na "Shikamoo, mwalimu." Nilimjibu marahaba, nikamtazama mpaka akaangalia pengine.

Ingeweza kuishia hapo. Isack hakuiacha iishie hapo.

Alifika kwa ndege na teksi, na viatu vyeupe, siku ya ibada yenyewe. Baada ya msalaba kuwekwa na watu kukaa kula, mazungumzo yote yalikuwa ya gari. Mama alikuwa anasimulia alivyolala. Mchungaji akamwita msemaji wa familia atoe neno la shukrani, na msemaji ni mtoto wa kiume aliyebaki. Isack akasimama.

"Ndugu zangu," alisema, "nilipoona Mama anaumia, iliniuma sana. Nikakaa nikatafakari. Nikamwambia huyu mdogo wangu, hili gari la marehemu lazima tulifanyie kitu. Nikalisimamia mwenyewe, hatua kwa hatua. Na leo mmeona. Lile si gari tena, lile ni kochi! Mtu akija kwangu akaniambia lile gari linaumiza, nitamwambia mgongo wake ndio mbovu!"

Wakapiga makofi. Nilimtazama Bupe. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

"Kaka," alisema polepole, "hebu rudia hapo mwisho. Kina mama wa huku nyuma hawajasikia."

Isack akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Binamu mmoja akarekodi na kurusha kwenye kundi la ukoo.

Mama alikuwa ameamua kubaki nyumbani kwa muda. Siku ya kuondoka, baba mdogo Lusungu, ndugu wa baba yao na mkubwa wa ukoo sasa, aliita kila mtu uani.

"Mkwe wetu na Bupe hawawezi kurudi njia yote ile peke yao na huku kuna mwanamume anayekwenda huko huko," alisema. "Isack atawasindikiza."

"Baba mdogo, mie nina tiketi ya ndege."

"Tiketi ya nini, na umetengeneza kochi?"

Watu wakacheka, safari hii yeye ndiye aliyechekwa, ingawa hakujua bado. Angesema nini? Kwamba gari si kochi? Alikuwa amesema mwenyewe mbele ya mchungaji. Akaenda kuchukua begi lake.

Watu wa Rungwe hawakuachi uondoke mikono mitupu. Walijaza bodi mikungu ya ndizi, maparachichi na viazi mpaka gari likainama, na gari lililojaa, kama nilivyosema, linatulia. Bupe alipokea kila mkungu kwa mikono miwili na kushukuru. Tulipofika Uyole, palipo na njia panda ya kwenda Dar es Salaam, alisimama mbele ya hoteli ya chakula.

"Kaka, kula kwanza. Kuna samaki wazuri hapa."

Isack akaingia kula. Lilikuwepo pale Fuso, lori la mfanyabiashara wa mchele mwenzake Bupe. Vijana wa Fuso wakahamisha kila kitu: ndizi, maparachichi, viazi, na yale magunia mawili ya mchele. Bodi likabaki tupu, linalia ukiligonga. Kisha Bupe akalisogeza gari kwa mjaza upepo. "Za mbele ziache. Za nyuma jaza upepo wa mzigo," alimwambia. Akatandika khanga, akaingia chini upande wa nyuma. Mimi nikamshikia mkoba.

Isack alitoka akiwa na kijiti cha meno mdomoni. "Unaangalia nini huko chini?"

"Naangalia kama kochi liko sawa, kaka."

"Na ndizi?"

"Zimetangulia na Fuso. Nimeona zisije zikakubana miguu."

Mimi nikakaa mbele, nikafunga mkanda.

Asiyepita njia ile hajui ilivyojaa matuta. Kila kijiji kina lake, na kabla ya tuta kuna vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, madereva huviita rasta. Bupe hakukimbiza gari. Ni dereva mwangalifu. Hakuhitaji kukimbiza. Kwenye rasta za kwanza nilisikia meno ya Isack.

"Bupe, taratibu!"

"Taratibu hii hapa, kaka."

"Gari lina kitu nyuma."

"Lina kitu gani? Si ulilisimamia wewe, hatua kwa hatua?"

"Mbona mimi sisikii chochote?" nikasema, na ilikuwa kweli tupu. Mbele tulikuwa tunaelea.

Baada ya Makambako alijaribu kulala, kichwa kikagonga mlango. Akajaribu kukaa katikati, kisha pembeni, kisha akakunja koti na kulikalia. Tulipofika Mafinga akanigusa bega.

"Shemeji, hebu tubadilishane viti kidogo."

"Mimi mjane wa kaka yako nikae nyuma, shemeji, watu wanaona? Utaniletea maneno mapya."

Akarudi kwenye koti lake. Nitasema jambo moja na ni la kweli. Nilikuwa nasubiri. Angetamka sentensi moja tu juu ya Daniel, hata nusu, ningemwambia Bupe asimamishe gari, ningekaa nyuma mimi mwenyewe mpaka Dar es Salaam. Tulilala tena Iringa, kwa hiyo alikuwa na usiku mzima wa kuifikiria. Asubuhi akaja mezani akizungumzia bei ya viwanja. Basi, nikamwambia Bupe, twende.

Tuliteremka Kitonga, tukapita Mikumi, penye matuta ya kulinda wanyama. Isack alikuwa ameshika kishikio cha juu kwa mikono miwili. Aliwaona tembo, wakubwa, karibu kabisa na barabara. Morogoro akaomba kushuka, akasema amekumbuka kuna mtu wa kumwona, na tulimwona kwenye kioo akienda kupanga foleni ya basi huku amejishika kiuno. Bupe akapunguza upepo wa nyuma na kuzungusha virungu. Nusu saa baadaye nilikuwa nimesinzia.

Isack hakujua kunyamaza. Kesho yake aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba lile pikapu bado ni hatari, limemvunja, liuzwe. Nadhani alitarajia vicheko kama vya mwanzo. Badala yake mtu akarusha ile sauti iliyorekodiwa, na ukoo mzima ukamsikia akisema kwa kelele kwamba mtu akiumizwa na gari lile, mgongo wake ndio mbovu. Mama alikuwa amelala humo njia nzima. Mimi, mtu mzima, nilikuja nimekaa vizuri. Bupe ndiye aliyeendesha. Aliyeumia ni Isack peke yake. Baba mdogo Lusungu akaandika kwa huzuni, "Mwanangu, kumbe ulikuwa unaumwa na hukutuambia."

Tangu hapo Isack ni mgonjwa. Wengine wanasema ni figo. Wengine wanasema ni kukaa sana ofisini. Yule mpwa aliyeandika habari za kinu alimshauri, "Mjomba, umri nao, punguza shughuli." Mchungaji wa Rungwe humtaja kwenye maombi ya wagonjwa. Shangazi yao, dada wa baba, anachemsha magome na mizizi, anajaza chupa, na chupa zinateremka kwa basi kila wiki. Mama alimpigia mke wa Isack, akamwagiza asimamie mwenyewe, asubuhi na jioni, na aangalie mpaka amemeza. Nasikia harufu yake imeingia mpaka kwenye makochi. Akijieleza kwamba haumwi, wanasema hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyoanza.

Jumapili iliyopita Bupe alikuwa kwangu, tumemaliza kula, simu yake ikaita. Alikuwa shangazi. Anataka kujua kama dawa inamsaidia Isack au aache kuituma, maana magome yanapatikana mbali na yeye miguu haina nguvu.

Bupe alinitazama, akanipa simu. "Ongea naye wewe, wifi. Wewe ni msomi, anakuamini."

"Shikamoo, shangazi," nikasema. "Inamsaidia sana. Ila kwa jinsi ninavyomwona, dozi bado ni ndogo."